Muulize Anti: nywele za Desemba, sare za masika na suti ya Februari

Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zina shughuli ndani yake, harusi, mahafali, msiba, kipaimara. Nimechagua hizi nikaona zitawafaa wengi. Kuna kitu kinajirudia kwenye barua zenu na kinaniuma kwakweli: mtu anachagua nguo na nywele kwa picha aliyoiona kwenye simu, mwezi hauangalii, ukumbi hauangalii. Ile picha imepigwa mahali penye kiyoyozi, we utakuwa juani. Kwahiyo mkiniandikia mniambie na mwezi na mji, nawaomba sana.

SWALI: Anti shikamoo. Mi naolewa Desemba hii, sherehe iko ufukweni Kigamboni, ukumbi wa wazi, tunaanza saa kumi jioni. Nywele zangu hazijawahi kuona dawa, zikinyooshwa zinapita mabega, nataka zipigwe pasi zilale mgongoni na shela juu yake. Msusi wangu anasema hazitafika hata saa mbili usiku. Dada zangu wanasema niweke dawa tu yaishe. Nifanyeje? (Bi harusi mtarajiwa, Tabata)

ANTI: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Msusi wako anasema kweli, usimnunie. Nywele yetu ya kipilipili ukiipiga draya au pasi hujaibadilisha, umeilaza kwa muda tu. Ndani ya unywele kuna viunganishi vidogo vinavyoshika mkunjo, maji yanaviachia, joto likikausha vinashika upya vikiwa vimenyooka, sasa unyevu wowote ukirudi, iwe jasho, iwe mvuke, iwe upepo wa bahari, vinaachia tena na nywele inarudi ilikotoka. Na Dar mwezi wa kumi na mbili joto la mchana linagonga nyuzi 31, hewa nzito, na we mwenyewe umechagua kukaa mita chache kutoka majini, hapo hata msusi awe fundi namna gani hashindani na hewa.

Usikubali mtu akuzidishie moto ili zikae. Pasi ikipita nyuzi 200 mkunjo wenyewe unaanza kufa, baada ya harusi ukiosha unakuta upande mmoja umejikunja mwingine umelala moja kwa moja, na hizo zilizokufa hazifufuki, ni kukata mpaka zikue upya.

Dawa nayo sikushauri kabisa kwa sasa. Ile ni alikali kali, ndo maana inawasha, na ngozi ikiwa na mkwaruzo mdogo tu inaungua. Kichwa ambacho hakijawahi kuona dawa hujui kitaipokeaje, ukiungua wiki ya harusi utavaa shela juu ya vidonda. Kama moyo unataka dawa ni haki yako, nywele ni zako, ila fanya miezi miwili kabla ili ukijuta upate muda wa kujipanga.

Ningekuwa nakuandaa mimi ningezibana juu, fundo kubwa nono, umeongezewa nywele za bandia ndani, shingo iwe wazi ipate upepo. Na hapa sikiliza vizuri maana wasusi wengi hawasemi: kabla ya kubana asuke mistari mitatu ya twende kilioni imelala pale shela litakapokaa, ijifiche chini ya fundo, halafu kile kitana cha shela kinachomekwa ndani ya msuko. Nywele iliyonyooshwa inateleza, upepo wa bahari ukilivuta shela au shangazi akikanyaga ule mkia wakati wa kuingia linachomoka na vibanio vyote, lakini likiuma kwenye msuko haliendi popote. Nywele za malaika pale mbele zilaze na jeli kidogo tu, funga skafu dakika 15, inatosha. Ukirundika jeli, jasho likianza kushuka inageuka weupe weupe kwenye paji la uso na mekapu inaondoka nayo.

Wiki mbili kabla ufanye jaribio, na usifanyie asubuhi saluni chini ya feni. Banwa, toka nje saa kumi ileile, cheza muziki kama nusu saa, ujitingishe kama siku yenyewe. Kitakachokuwa kimelegea ndo mnakirekebisha.

SWALI: Anti, send-off yangu imebaki mwezi na nusu, rafiki yangu kaniletea krimu ya kuchanganyiwa, anasema ndani ya wiki tatu nang'aa mwili mzima. Ni salama? (Msomaji, Kinondoni)

ANTI: Hapana mwanangu. Krimu ya kuchanganyiwa isiyo na lebo huo ni mkorogo, na mkorogo mara nyingi ndani yake kuna haidrokwinoni, zebaki au dawa za steroidi ambazo daktari ndo anatakiwa akuandikie. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini siku nyingi tu. Zebaki inaingia kwenye damu inakwenda mpaka kwenye figo, steroidi zinaifanya ngozi iwe nyembamba, jua dogo tu linakuunguza, na vidole na magoti vinabaki vyeusi zaidi ya usoni kwahiyo kwenye picha utaonekana rangi mbili. Jipake mafuta yako ya kila siku, kunywa maji, lala mapema. Mpiga mekapu anayejua kazi atakupaka rangi yako mwenyewe na utawaka.

SWALI: Mambo anti. Sisi kamati ya harusi ya mdogo wetu tuko wanawake 18, harusi ni katikati ya Aprili hapa Dar. Tumechagua satini rangi ya pichi, wengine wamegoma wanasema inaonesha tumbo, wengine wanataka kitenge. Tumegombana mpaka watu wamejitoa kwenye grupu la watsapu. Tusaidie. (Mweka hazina, Mbezi)

ANTI: Poa mama, kwanza warudisheni hao waliojitoa maana michango yao mnaihitaji.

Sasa satini ya pichi mwezi wa nne. Aprili Dar ni kilele cha masika. Tone moja la mvua likidondokea satini ya rangi laini linaacha doa jeusi mpaka likauke, na kwapa likilowa watu wanaona kutoka meza ya mwisho. Satini nyingi ya dukani ni poliesta, hewa haipiti, na ukumbi ukijaa watu na milango imefungwa kwa sababu ya mvua mtachemka. Mi naenda na wa kitenge, na siyo kwa ajili ya tumbo, tumbo halina kosa lolote, mshono ndo unatakiwa ulifuate.

Ila kitenge nacho kuna kitenge na kitenge. Mkifika Mtaa wa Uhuru au pale Kariakoo chomoeni uzi mmoja pindoni, uchomeni na kiberiti. Ukiwaka ukanukia karatasi na ukaacha majivu ya kupukutika vidoleni hiyo ni pamba. Ukijikunja ukayeyuka ukaacha kidonge kigumu cheusi hiyo ni poliesta, mwacheni nayo muuzaji hata kama ua ni zuri. Geuzeni na upande wa nyuma, kitenge cha nta rangi zake zinawaka pande zote mbili, kile kilichochapwa upande mmoja nyuma kinakuwa kimepauka. Na mtu asiwaambie lazima kiwe cha Uholanzi. Vlisco wa kule Helmond wanachapa tangu 1846 na kazi yao naipenda mno, lakini yale maandishi yao ya pindoni yanaigwa na viwanda vingi, unaweza kulipia jina ukapewa karatasi. Kwa watu 18 cha kawaida chenye pamba ya kweli kinatosha kabisa.

Nunueni vyote siku moja duka moja, robota moja. Wanaochelewa kuchanga wawekeeni, watalipa baadae, maana ukirudi baada ya wiki mbili ua ni lilelile lakini ile bluu ina kijani kidogo, na kwenye picha ya pamoja mtu wa pembeni anaonekana kavaa sare ya harusi nyingine. Chagueni rangi iliyokolea, zambarau, bluu ya giza, kijani cha chupa, tope likiruka lisionekane. Kabla ya fundi kila mtu aloweke chake usiku mzima, akianike kivulini, akipige pasi, maana pamba inaruka, ukishona kwanza ukafua baadae gauni linapanda juu na zipu haifungi. Urefu uishie juu ya kifundo cha mguu. Gauni la kuburuza kwenye masika linakunywa maji kuanzia kwenye maegesho, mpaka ufike mezani limeshalowa hadi magotini.

Kuhusu mshono, kitambaa kiwe kimoja, mshono kila mtu wake. Anayetaka kubana abane, anayetaka dera avae dera, anayejisitiri akate na mtandio wa hukohuko, mjamzito aachiwe nafasi. Mkilazimisha mshono mmoja kwa miili 18, kumi watakaa usiku mzima wanajivuta vuta nguo na hawatacheza.

Na fundi mpeni tarehe ya wiki mbili kabla ya harusi, nusu ya hela mkononi na nusu siku ya kuchukua. Mkumbuke Iddi el-Fitri inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, 2024 ilikuwa Aprili 10, sasa imeingia mwezi wa tatu, na Pasaka nayo iko hapohapo Machi au Aprili, yaani mafundi wana milima ya vitambaa kipindi hicho. Ukimpelekea fundi mzigo wa watu 18 wiki moja kabla atakukubalia kwa mdomo tu.

SWALI: Anti nafanya kazi benki Posta, wiki iliyopita nimepata taarifa ya msiba nikiwa ofisini na suruali ya kubana, nikaogopa kwenda nikaenda kesho yake. Nilitakiwa nifanyeje? (Dada wa Posta)

ANTI: Pole na msiba mwanangu. Weka doti moja ya khanga kwenye droo ya ofisini, rangi iliyotulia, na usome maneno kabla ya kununua maana khanga ya kumsimanga shoga haiendi msibani. Moja funga kiunoni juu ya suruali, nyingine jitande kichwani mpaka mabegani. Hereni kubwa vua, mdomo futa rangi, basi nenda ukakae na wenzio mkekani. Wafiwa wanakumbuka nani alifika, suruali hawaikumbuki.

SWALI: Shikamoo anti. Mwanangu ana miaka 6, nimemsuka rasta ndogo ndogo za Krismasi, kapendeza sana lakini usiku analia kichwa kinauma na pale mbele kumetoka vipele vyenye maji. Jirani ananiambia nimpe panado tu atazoea. (Mama Binti, Mwanza)

ANTI: Marahaba. Mama, usisubiri amalize sikukuu, fumua leo. Anza na za mbele na za masikioni, taratibu, paka mafuta ya nazi kwenye fundo ndo ufungue. Vile vipele ni vinyweleo vinalia kwa kuvutwa. Msuko unaohitaji panado ili mtoto alale umekazwa kupita kiasi, na hili nawaambia na wakubwa, maana mnatoka saluni macho yamevutwa hadi mnashindwa kufumba mnasema ndo unakaa muda mrefu. Nywele zikivutwa hivyo mara moja mbili zinaota tena, lakini ikiwa mwaka baada ya mwaka kinyweleo kinakufa na pale mbele panabaki kipara cha kudumu. Tunawaona wadada wa miaka 25 paji la uso limefika katikati ya kichwa, wanafichia wigi, na wigi nalo limegundishwa kwa gundi palepale panapouma.

Vipele vikiwa na usaha au akipata homa mpeleke hospitali. Vikipoa msuke twende kilioni kubwa kubwa, nywele yake mwenyewe bila kuongeza rasta, shanga mbili tatu mwishoni atafurahi. Na kama shule yenu ni zile zinazotaka kichwa cha kunyoa mwezi wa kwanza, usimsikitikie sana, kichwa kikipumzika miezi kadhaa kinapona vizuri, ila mnunulie hereni nzuri na kitambaa cha kufunga Jumapili ajione bado anapendeza.

SWALI: Asalaam alaykum anti. Arusi ya dada yangu ni mwezi ujao, nataka kuchorwa maua meusi kwa piko mikono yote na miguu, hina naona inatoka nyekundu haionekani vizuri. Kuna ubaya? (Msomaji, Unguja)

ANTI: Waalaykum salaam mwanangu. Ubaya upo na ni mkubwa. Piko ni rangi ya kutia nywele, ndani yake kuna kemikali inaitwa PPD, imetengenezwa ikae kwenye unywele na ioshwe, haikutengenezwa ilazwe kwenye ngozi masaa. Wapo wanaopaka miaka wasipate kitu, halafu siku moja mwili unaikataa, ua zima linavimba malengelenge lilivyochorwa, yakikauka unabaki na kovu lenye umbo la ua. Na mwili ukishaikataa mara moja unaikataa siku zote, hata miaka ijayo ukitaka kutia rangi mvi zako utavimba kichwa.

Hina ya majani ndo ya kukaa kwenye ngozi, na tatizo lako nafikiri ni haraka. Hina ikitoka leo ni ya machungwa, inakolea kesho na keshokutwa ndo inafika ule wekundu wa giza. Kwahiyo paka siku mbili kabla ya arusi, siyo jioni ya kuamkia. Nunua ya unga mbichi wa kijani unaonukia majani, kanda na maji ya ndimu, iache ilale, ukishapaka iache masaa sita hivi au ulale nayo, halafu ibanduliwe kwa kukwangua bila maji, na maji yasubiri mpaka siku ya pili. Viganjani na kwenye nyayo inashika kuliko popote, mwambie mchoraji azidishe maua huko. Hina inayouzwa tayari nyeusi tiii, ukiambiwa ni ya asili usikubali, jani la hina halitoi weusi.

SWALI: Anti, mi mwanaume lakini nasoma sana ukurasa wako. Kaka yangu anaoa Tanga katikati ya Februari, ndoa saa saba mchana, mi ndo msimamizi wake, nimeambiwa suti vipande vitatu. Mi ni mtu wa jasho sana. (Msimamizi, Morogoro)

ANTI: Karibu sana kaka, ukurasa ni wa wote. Februari pwani ni joto la mwisho kabla ya masika, na kizibao ndani ya koti saa saba mchana ni adhabu. Ongea na bwana harusi mapema mumwambie kizibao kitoke. Koti liwe la kitani au pamba, lisiwe na bitana mwili mzima, bitana nusu mgongo inatosha, rangi ya udongo au bluu ya mwanga, ndani shati la pamba jeupe na singlendi ya kunyonya jasho. Beba shati la pili kwenye gari ubadilishe kabla ya ukumbini.

Na mkiweza kumshawishi, kuna Kaunda suti. Jina limetokana na Kenneth Kaunda aliyeiongoza Zambia kuanzia 1964 mpaka 1991, na wazee wetu walioana nayo wakapendeza kuliko sisi. Mikono mifupi, haina tai, haihitaji shati ndani, imetengenezwa kwa jua letu. Bunge la Kenya waliizuia ndani ya ukumbi wao mwishoni mwa 2023 na mimi nililisikitikia hilo, ni vazi la heshima kabisa. Ikishonwa na fundi anayejua mabega, kitambaa kizito kidogo kisichokunjana, mifuko minne imekaa sawa, utasimama pembeni ya kaka yako umenyooka. Kama ndoa inafungwa msikitini basi maliza kabisa, kanzu na kofia ya mkono, hewa inapita mpaka miguuni.

SWALI: Mambo anti, nimepata ajira ya ualimu Njombe, naripoti Juni, nimekulia Dar sina hata sweta. Na nywele zangu nimesikia huko zinakatika. (Mwalimu mpya, Temeke)

ANTI: Hongera mwalimu! Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, Juni na Julai usiku nyuzi zinashuka chini ya 10, hiyo kwa mtu wa Temeke ni kitu kigeni kabisa. Nenda mitumba ya Karume uchague polepole: koti moja zito lenye bitana nzima (vaa, nyanyua mikono juu, likibana mabegani acha, sweta halitaingia ndani), masweta mawili ya sufu, taitsi nene za kuvaa chini ya sketi, soksi. Kagua kwapa na zipu, nusa, fua na maji moto kabla ya kuvaa, ila sufu fua na maji baridi maana kwenye moto inaruka unabaki na sweta la mtoto. Viatu vya kufunika, vya wazi acha nyumbani.

Nywele kule zinakatika kwa sababu hewa ni kavu na kofia na kola za sufu zinazisugua mchana kutwa. Chukua kipande cha satini ukishonee ndani ya kofia na ndani ya kola ya koti, fundi anakufanyia dakika chache. Maji kidogo kwanza, halafu mafuta juu yake yafungie yale maji, mafuta peke yake kwenye nywele kavu hayasaidii. Zifunge kwa uzi au suka mistari ya wastani, kaa nazo wiki sita zisizidi nane, fumua, osha, pumzisha. Usitoke nje asubuhi kichwa kibichi, osha Jumamosi mchana jua likiwepo. Na kwa siku ya kwanza ya kuripoti vaa gauni la kitenge lenye mikono mirefu na koti lako juu, wanafunzi wakuone mwalimu umependeza, halafu uniandikie uniambie baridi ikoje.